Nyumba ya Magurudumu Manne

Mwambie mtu wa Mombasa kwamba wako watu wenye kwao wanaolala garini kwa hiari yao. Atakuuliza, wamefukuzwa na nani? Na akisikia ni Nakuru, penye baridi, mita 1,850 juu ya bahari, atazidi kushangaa.

Lakini ndugu zangu, tusijisahau. Joseph Thomson alipofika Baringo mwaka 1883, hakuwa wa kwanza kuikanyaga njia ile. Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe, alikuwa akiijua zamani, na misafara ya pwani ilizoea kupiga kambi Njemps, kusini ya ziwa, ili kununua chakula. Babu zetu waliishi safarini miezi na miezi. Vipi sisi leo tuone haya kulala njiani?

Gari linalofaa kuanzia ni lile la matatu, Toyota HiAce kuukuu. Hung'olewa viti, seremala akatia kitanda cha mbao chenye masanduku chini yake. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanakimbilia mbao kabla ya kulala. Ushauri wangu ni huu, tandika godoro sakafuni, ulale usiku mitatu, ndipo umwite fundi. Mimi nililala karibu na Naivasha katika gari la shemeji yangu, tukafunga madirisha yote kwa kuogopa baridi. Asubuhi mabati yalitiririka maji ya pumzi zetu wenyewe, na godoro likawa chepechepe. Usiku ule ulinifunza haja ya tundu la hewa kuliko maneno ya fundi yeyote.

Taa zitumie betri ya pili, isiyo ile ya kuwashia injini. Maji yana uzito, lita moja ni kilo moja, basi madumu mawili ya lita 20 yanatosha. Kabla ya kubadili umbo la gari au idadi ya viti, pitia NTSA, na umwarifu mwenye bima.

Na seredani! Hili nalisema kwa ukali. Pwani tumezoea makaa uani, upepo ukipita. Makaa ndani ya gari lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua waliolala. Pikeni nje, na jiko lilale nje, hata kama mnatetemeka.

Mahali pa kuegesha pawe pa kambi, au umwombe mwenye shamba. Tangu miaka ya 2010 maji ya Nakuru, Naivasha na Baringo yamepanda na kumeza njia na kambi kadhaa, kwa hivyo msiamini ramani ya zamani. Viboko nao hutoka ziwani usiku kula majani. Usishuke gizani ovyo.

Alfajiri, kibla cha Nakuru ni kaskazini, ukielekea mashariki kidogo kuliko Mombasa. Dumu la udhu liweke mlangoni, si chini ya kitanda, maana mwenzio angali amelala.