Zege Halilali, na Mbeba Karai Je?

Kitale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma kiasi cha mita 1,400. Aliyewahi kulala huko anaujua umande wake. Kijana aliyekulia katika baridi hiyo huteremka Mombasa kutafuta kibarua cha mjengo. Basi likamshusha alfajiri, na saa mbili asubuhi amekwisha kukabidhiwa karai. Mwenye nyumba ana haraka, fundi ana haraka, na kijana mwenyewe hataki kuonekana goigoi siku ya kwanza. Akikaa chini kabla ya Adhuhuri, tunamcheka: mtu wa bara huyo, hajazoea.

Kweli hajazoea, na hilo si la kuchekwa. Mwili hujifunza joto kidogo kidogo, wiki moja hadi mbili. Jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, chumvi iliyomo ikapungua, na moyo ukaacha kupapatika. Kabla ya hapo moyo huo mmoja hulazimika kupeleka damu kwenye misuli inayobeba na kwenye ngozi inayotaka kupoa. Tena pwani yetu ina unyevu: jasho hutiririka lisikauke, na jasho lisilokauka halipozi mwili.

Idara ya kazi ya Marekani inakadiria kwamba nusu hadi asilimia 70 ya vifo vya joto katika kazi za nje hutokea siku chache za mwanzo. Ndiyo maana wataalamu wa huko hushauri mgeni afanye kazi juani sehemu moja tu kati ya tano ya zamu siku ya kwanza, kisha aongezewe sehemu moja kila siku.

Wako pia vijana wa nyanda hizo wanaovuka bahari kwenda Ghuba. Oman husimamisha kazi za juani tangu saa sita u nusu hadi saa tisa u nusu, miezi ya kiangazi. Qatar, tangu 2021, huanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa u nusu, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Ni amri njema, ila zinahesabu saa, hazihesabu siku. Asubuhi ya Julai mjini Doha ni tanuri kwa aliyeshuka ndege jana. Na sisi Kenya? Sheria ya usalama kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa. Saa za kukimbia jua haikuzitaja.

Najua jawabu la makandarasi: zege halilali. Naam, slabu ikianza kumwagwa haiachwi nusu. Lakini nani aliyeamrisha ianze saa nne? Sala yenyewe ya Adhuhuri imeruhusiwa kucheleweshwa joto likizidi, mpaka kupoe. Karai lina faradhi gani kuishinda hiyo? Wengi wetu tusomao ukurasa huu tumejenga, au tunajenga. Kumuuliza msimamizi ni nani aliyefika wiki hii hakugharimu hata mfuko wa saruji.

Na kijana akianza kuropoka au kupepesuka, msimamizi asiharakie kusema amelewa. Huenda joto limemfika ubongoni. Apelekwe kivulini, avuliwe shati, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe papo hapo, huku gari la hospitali likitafutwa. Akiwa hajitambui, asinyweshwe kitu.