Jina la Mudimbe na Masikio ya Watu



Mwanafunzi akitwaa kitabu cha Mudimbe, juu ya jalada huona herufi mbili, V. Y., kisha jina lenyewe. Wengi hawaziangalii, hufungua mara moja ukurasa wa kwanza. Leo twataka kusimama kidogo hapo mlangoni, maana herufi hizo mbili zina habari yake, na habari hiyo yatuhusu sana sisi watu wa Goma na wa Kivu nzima.

Mudimbe alizaliwa tarehe 8 Desemba 1941, siku ya sikukuu ya Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, katika mji wa Jadotville, Katanga, ambao leo waitwa Likasi. Majina yake ya Kikristo yalikuwa Valentin Yves. Valentin latokana na neno la Kilatini la kuwa na nguvu na afya. Yves ni jina la padre mmoja wa Bretagne, katika Ufaransa, aliyekuwa mwanasheria na mtetezi wa maskini. Katika ujana wake Mudimbe aliingia kwa watawa Wabenedikto huko Gihindamuyaga, Rwanda. Baadaye alitoka utawani, akasoma Lovanium na Ubelgiji, kisha akawa mwalimu wa chuo kikuu katika Lubumbashi. Riwaya yake ya kwanza, Entre les eaux, ilitoka Paris mwaka 1973. Yasimulia habari za padre Pierre Landu, anayeacha misioni na kwenda msituni pamoja na waasi, moyo wake ukivutwa huku na huku.

Sasa tuje kwenye zile herufi. Mwanzoni mwa mwaka 1972 Rais Mobutu aliamuru kwamba raia wa Zaire waache majina ya kigeni na kushika majina ya mababu. Yeye mwenyewe aliacha kuitwa Joseph-Désiré. Basi Valentin Yves naye hakuwa na budi kutafuta mengine, akajiita Vumbi Yoka. Tazama, msomaji, akili ya mtu huyo! Serikali ilipata majina iliyoyataka, lakini herufi za kwanza zilibaki zile zile. V. ilikuwa Valentin, ikawa Vumbi; Y. ilikuwa Yves, ikawa Yoka. Hata vitabu vyake vikaendelea kutoka chini ya V. Y. Mudimbe. Jina la Mudimbe lenyewe halikuguswa, kwa kuwa lilikuwa la Kiafrika tangu mwanzo.

Siku zile neno hilo la majina lilileta taabu kubwa. Kardinali Malula wa Kinshasa alilipinga waziwazi. Gazeti la Kikatoliki Afrique Chrétienne lilifungwa kwa muda, na Kardinali akalazimika kuondoka nchini na kukaa Roma miezi kadhaa. Wala tusidhani kwamba Kardinali aliyadharau majina ya mababu. Yeye ndiye aliyetumika sana ili Misa isaliwe kwa namna ya Kiafrika, hata Roma ikaikubali ile ya Zaire mwaka 1988. Jina la babu ni zuri, na jina la mtakatifu ni zuri. Lakini kumwamuru mtu mzima kwa nguvu aitwe nani ni jambo lingine kabisa.

Tufanye sasa jaribio dogo. Mtu wa Goma akisikia Vumbi Yoka, atafahamu nini? Vumbi twalijua mno, sisi tukaao juu ya mawe ya Nyiragongo. Tangu moto wa mlima uliposhuka mjini mwaka 2002, vumbi jeusi huingia hata ndani ya sufuria. Na yoka, kwa Lingala, ni sikia. Basi mtu atacheka na kusema: “Vumbi, sikia!” Mwingine, mwenye moyo wa ibada, atakumbuka Jumatano ya Majivu, aone hapo fundisho zima. Lakini hayo yote tumeyatoa katika masikio yetu wenyewe. Hatukuyapokea kwa mwenye jina, wala kwa waliomzaa. Ni mwangwi wa lugha zetu, nao mwangwi si maana.

Mfano wa kwetu utaonyesha hayo vizuri zaidi. Mtu wa pwani akisikia jina la Kambale atamfikiria samaki mwenye ndevu akaaye katika matope. Lakini kwa Wanande wa Butembo na Beni, Kambale ni mtoto wa kiume wa pili. Wa tatu ni Kasereka, wa nne ni Kakule. Jina lamwambia mtoto mahali pake kati ya ndugu zake. Mcheshi wa pwani hakusema uongo juu ya samaki. Amekosa tu juu ya mtu.

Hapo ndipo tulipotaka kufika. Kosa la samaki ni la kuchekesha, lakini katika nchi yetu kuna kosa lingine la masikio lisilochekesha hata kidogo. Mtu ataja jina lake, na kabla hajamaliza kusalimu, msikilizaji amekwisha kumpima: huyu ni wa kabila gani, huyu ni wetu au si wetu, babu yake alitoka wapi. Kwa ajili ya jina wako waliosimamishwa njiani. Wako walionyimwa kazi au nyumba ya kupanga. Tena wako waliokufa, na aliyewaua hakujua neno jingine juu yao. Katika mkoa huu wa vita vya miaka mingi hatuna haja ya kutafuta mifano mbali.

Basi tupambanue. Jina lina maana ya kwanza, ile waliyoiweka wazazi: pengine mahali pa mtoto katika uzazi, pengine kumbukumbu ya babu, pengine shukrani kwa Mungu. Maana hiyo haikisiwi. Huulizwa kwa heshima. Jina lina maana ya pili, ile anayoitia mwenye jina kwa matendo yake. Lakini ile hukumu tunayoitunga sisi kwa kusikia sauti tu haina haki ya kuitwa maana.

Ile maana ya pili yaonekana vema kwa waandishi. Mwaka 1890 alikuja katika mto Kongo baharia mmoja Mpolandi, jina lake Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Alipotoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1895, aliacha Korzeniowski, akajiita Joseph Conrad. Yeye alifupisha jina kwa hiari yake, hakuamriwa na serikali. Konrad lilikuwa moja la majina aliyopewa alipozaliwa. Leo, popote watu wasomapo vitabu, Conrad ni jina la kuandikiwa juu ya jalada, na Wakongo wamelibishania sana kwa sababu ya mambo aliyoyaandika juu ya nchi yao.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Mudimbe. Mnamo mwaka 1980 aliihama Zaire, akafundisha katika vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka 1988 alitoa The Invention of Africa, kitabu kinachopeleleza jinsi wageni walivyoitungia Afrika sura kabla ya kuisikiliza. Alifariki huko Marekani mwezi wa Aprili 2025. Leo mwalimu akitaja jina la Mudimbe darasani, hakuna aulizaye kabila; vijana hufungua madaftari. Maisha mazima ya kazi ndiyo yaliyolijaza jina hilo. Nao wahenga walisema: jina jema hung'aa gizani.

Enyi vijana wa shule, mnapojaza karatasi za mtihani mnaandika jina, postnom na prénom, mara nyingi bila kufikiri. Ulizeni nyumbani, wangali hai mababu na mabibi, kwa nini mliitwa hivyo. Nanyi wazazi, waelezeni watoto kabla hawajaelezwa na watu wa njiani. Tena, mgeni akitaja jina lake mbele yenu, mjibuni kwanza salamu yake. Habari za jina lake atawapa mwenyewe akipenda.