Mgonjwa Mwenyewe Aulizwe

Mgonjwa wa nafsi anayehudhuria kliniki huku kwetu Kwale, awe ametoka Diani au ameteremka kutoka milima ya Shimba, aghalabu hufuatana na jamaa yake, na huyo jamaa ndiye anayeulizwa: analala? anakula? bado anafanya fujo? Majibu yakiridhisha, huandikwa kitabuni kwamba hali imetengenea, dawa zikaendelezwa na tarehe ya kurudi ikawekwa. Na yule aliyeugua, ambaye ndiye peke yake aijuaye adha iliyomo moyoni mwake, huondoka bila ya kutamka neno.

Hiyo ni dhuluma, ijapokuwa haikukusudiwa. Tuchukue mfano wa mvuvi wa Gazi aliyeanzishiwa dawa ya haloperidoli: sauti alizokuwa akizisikia zimenyamaza, nyumba imepata utulivu, mkewe anamshukuru Mola, lakini mikono yamtetema hata hawezi kutia chambo katika ndoana, na bahari ndiyo riziki yake. Kwa tabibu amepona, kwa jamaa amepona, kwa nafsi yake bado. Asipoulizwa ataziacha tembe kimyakimya, na maradhi yakimrudia ataitwa mkaidi.

Vipimo vya kumuuliza viko. Ile fomu ya maswali 9 ya huzuni, PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001, humtaka mtu aeleze hali yake ya majuma 2 yaliyopita, na jumla yake huwa baina ya 0 na 27. Imekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa kwa jirani zetu wa Kilifi. Naiheshimu. Hata hivyo nakipendelea zaidi kipimo kiitwacho PSYCHLOPS, kilichoasisiwa Uingereza, kwani humwacha mgonjwa ataje mwenyewe taabu imkeretayo zaidi na jambo lililomshinda kwa sababu yake, na baada ya matibabu akaulizwa juu ya hayo hayo. Kilitumika Nairobi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusu wanawake 421, wengi wao wakiwa wamefanyiwa ukatili. Na kati yao, waliohudumiwa kwa vikao 5 na wahudumu wa afya wa jamii, watu wasio madaktari, walipata nafuu kuwashinda wenzao wasiopewa vikao hivyo.

Tena sheria yenyewe ya afya ya akili ya Kenya, ilivyorekebishwa mwaka 2022, yampa mgonjwa haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake. Atashirikije naye hajaulizwa?

Taabu iliyopo ni adabu yetu. Mtu wa pwani akiulizwa hali na muuguzi aliyemtendea wema hujibu kwamba hajambo, alhamdulillahi, hata akiwa hakulala usiku kucha, kwa kuona haya kumvunja moyo mwenziwe. Kwa hivyo salamu zisihesabiwe kuwa kipimo. Swali liulizwe faraghani, jamaa akiwa nje, kwa Kidigo au Kiduruma ikiwa ndiyo lugha ya nyumbani, na aulizaye asiwe yule aliyeagiza dawa wala jirani wa mtaa mmoja. Na jawabu liandikwe kwa maneno ya mgonjwa, ukurasa ule ule inapoandikwa dawa, ili tabibu wa hospitali ya Msambweni alisome kabla ya kuongeza au kupunguza kipimo cha dawa.