Binti Aliyebadili Somo Ng'ambo

Wasomaji wangu, juma hili sina budi kuiweka kando ile habari ya mbolea niliyowaahidi, kwa kuwa imenifikia barua ya mzee mmoja, mkulima wa Ruiru, nami naona haifai ikae bila jibu. Asema kwamba miaka miwili iliyopita aliuza kipande cha shamba lake la kahawa, akakopa na fedha nyingine katika chama chake cha akiba na mikopo, ili binti yake apate kwenda Uingereza kujifunza uhasibu. Sasa binti ameleta habari kwamba uhasibu umemshinda kupenda, naye ataka kujifunza elimu ya udongo. "Je, niliuza udongo ili mtoto akajifunze udongo?" auliza mzee, kisha ataka shauri: akate karo au asikate?

Nalicheka nilipoisoma barua hii, lakini nilipoisoma mara ya pili kicheko kiliniishia. Shamba likishauzwa Ruiru halirudi tena. Mwaka mmoja wapita, na palipokuwa na mibuni pana nyumba ya ghorofa sita. Basi mzee ana haki ya kuuliza fedha yake imekwenda wapi.

Hata hivyo namwomba afikiri kidogo habari ya karani mmoja aliyefanya kazi hapa Thika siku za Vita Kuu ya Kwanza. Alikuwa kijana wa upande wa Gatundu, aliyesomeshwa na wamisheni wa Kiskoti huko Thogoto, naye aliajiriwa katika kampuni ya Mwingereza aitwaye John Cook. Kazi yake mojawapo ilikuwa kwenda Nairobi, mwendo wa maili 25, kuchukua katika benki fedha za mishahara ya wafanyakazi. Baadaye, tangu mwaka 1922, alikuwa katika idara ya maji ya Manispaa ya Nairobi, akisoma mita. Kazi hiyo ilikuwa na heshima na mshahara wa kutosha, na wengi wangalishukuru kuzeeka nayo.

Mwaka 1929 Kikuyu Central Association ilimtuma London kupeleka malalamiko ya ardhi. Hakwenda kusoma. Alirudi mwaka uliofuata, akaenda tena mwaka 1931, na safari hiyo ya pili ilichukua miaka 15. Alisoma katika chuo cha Woodbrooke huko Birmingham, akapita Moscow, akawasaidia walimu wa Chuo Kikuu cha London katika uchunguzi wa matamshi ya Kikikuyu, na mwaka 1935 akaingia London School of Economics kujifunza elimu ya desturi za watu chini ya Profesa Bronislaw Malinowski, ijapokuwa hakuwa na vyeti vilivyotakiwa kwa kawaida. Mwaka 1938 kikatoka kitabu chake Facing Mount Kenya. Aliporudi mwaka 1946 hakwenda kusoma mita tena. Aliongoza chuo cha waalimu cha Githunguri, kilichoanzishwa mwaka 1939 na Mbiyu Koinange, mtu mwingine wa Kiambu aliyesoma Marekani. Karani huyo ni Jomo Kenyatta, na mengine mwayajua.

Najua mzee atasema: hao walikuwa watu wa bahati, na zama zao si zetu. Basi nimpe mfano wa mwanamke. Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960 pamoja na vijana waliopelekwa Marekani kwa ndege, kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake. Alisoma elimu ya viumbe huko Kansas, kisha Pittsburgh. Aliporudi mwaka 1966 alikuta kazi aliyoahidiwa katika idara ya elimu ya wanyama amepewa mwingine. Akapata mahali katika udaktari wa mifugo, chini ya profesa Mjerumani, na kwa njia hiyo akaenda kusoma Ujerumani pia, hata akapata shahada ya uzamifu mwaka 1971. Alipokuwa mashambani akichunguza kupe waenezao ndigana, aliona ng'ombe waliokonda, mito yenye tope, na udongo unaochukuliwa na mvua. Akatambua kwamba adui wa mkulima si kupe peke yake. Mwaka 1977 akaanza kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Angaliambiwa ashike somo moja tu, nadhani tungalipata mtaalamu mwema wa kupe.

Tena mzee hana haja ya kutazama mbali. Hapo Juja, kati ya Ruiru na Thika, kuna chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, na waalimu wake wengi walipelekwa huko kuongeza masomo. Na Ruiru yenyewe ina kituo cha uchunguzi wa kahawa, ambacho mwaka 1985 kiliwapa wakulima mbuni wa Ruiru 11 unaohimili chulebuni na kutu ya majani. Mtu ajuaye udongo hakosi mlango wa kubisha katika wilaya hii.

Lakini sisemi kila badiliko ni jema. Wako vijana wanaobadili somo kwa kukimbia mtihani, na wako wazazi waliotoa fedha wakapata majuto. Mwaka 2023 tuliwaona wazazi wa Eldoret wakiandamana kudai karo walizolipa kwa ajili ya masomo ya Finland. Kwa hiyo, mzee wangu, usikate karo kwa hasira, wala usiitume kimyakimya. Mwandikie binti akuletee barua ya chuo chenyewe, si maneno yake, ionyeshayo ni masomo mangapi aliyokwisha kufaulu yatakayohesabiwa katika elimu mpya, na ni muda gani utaongezeka. Na aulize mapema kama ruhusa yake ya kukaa Uingereza yakubali badiliko hilo, maana akiwahi kubadili kabla ya kuuliza aweza kurudishwa nyumbani bila cheti cho chote. Muda ukiwa mwaka mmoja, mwaka huo na autafutie karo yeye mwenyewe walau nusu.

Na umwulize pia ni nani aliyemfundisha kupenda udongo. Nisingeshangaa akikujibu kwamba ni wewe, siku zile za kuchuma kahawa katika kile kipande ulichokiuza.

Habari ya mbolea itatoka juma lijalo.