Maziwa ya Mtoto wa Mdoli

Kisiwa cha Trinidad kiko mbali nasi, huko Karibi, jirani na pwani ya Venezuela. Kila mwaka, Jumatatu na Jumanne zinazotangulia Jumatano ya Majivu, watu wa huko hujaa barabarani wakicheza kanivali. Najua wengi wetu tukisikia neno hilo tunawaza pombe na nguo za aibu. Mambo hayo yapo, siyakatai. Lakini yapo na mengine.

Walioileta ni Wafaransa wenye mashamba, Wakatoliki, waliohamia kisiwani kwa wingi baada ya mwaka 1783. Kabla ya Kwaresima walicheza dansi majumbani mwao wamevaa vinyago. Watumwa waliowalimia miwa hawakukaribishwa. Walipopata uhuru kamili mwaka 1838, watu hao waliingia barabarani na mienge na ngoma, sherehe ikawa yao. Mwaka 1881 walipigana na polisi mjini Port of Spain, na mwaka 1884 sheria ikabana ngoma. Wakaanza kugonga mianzi, baadaye makopo ya biskuti, hatimaye mapipa ya mafuta yaliyofuliwa kwa nyundo mpaka yakatoa sauti tamu za muziki. Wazazi wengi waliwakataza watoto, hasa wasichana, kuyakaribia mapipa hayo, maana wapigaji walihesabiwa kuwa wahuni. Mwaka 1992 yakatangazwa kuwa ala ya muziki ya taifa!

Lakini aliyenigusa mimi ni Baby Doll, mmoja wa wahusika wa zamani wa kanivali. Huvaa gauni la marinda na kofia kama ya mtoto mchanga, mkononi amepakata mdoli. Anamsimamisha mwanamume yeyote anayepita na kupaza sauti mbele za watu: wewe ndiye baba wa mtoto huyu, toa fedha ya maziwa! Umati unaangua kicheko. Mwanamume hajui atazame wapi. Mchezo huo karibu upotee kabisa, kisha wanawake wa kisiwa hicho wakaufufua.

Si ajabu uzaliwe huko, mahali ambapo mabwana wa mashamba walizaa na watumwa wao na wengi hawakuwatambua watoto hao.

Nimepima watoto uzito kliniki kwa miaka mingi. Ninajua jinsi msichana anavyoinamisha kichwa akiulizwa jina la baba wa mtoto. Kule Trinidad, kwa siku mbili hizo, anayeinamisha kichwa ni mwanamume.

Juzi nilimsimulia habari hii binti mmoja aliyeleta mwanawe kuchanjwa. Alicheka sana. Kisha akanyamaza, akamfunika mtoto vizuri kwa kanga, akaniuliza, "Na hizo hela, mama, huwa anapewa?"

Nikamwambia hupewa senti chache, ili aondoke haraka.