Cheti kikichelewa, kazi haisubiri

Siku ya mahafali picha hupigwa nyingi, pilau huliwa, joho hurudishwa jioni. Miezi michache baadaye tangazo la kazi linatoka kwenye Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na binti aliyehitimu stashahada ya uuguzi anakuta hawezi kuomba. Cheti bado kiko chuoni. Mkononi ana karatasi ya matokeo tu, na matangazo hayo husema wazi kuwa karatasi ya namna hiyo haipokelewi.

Nyumbani lawama huenda kwa serikali, au kwa kukosa mtu wa kumshika mkono. Huenda ni kweli. Ila kuna mambo madogo ambayo chuo kingeyamaliza mapema, na wazazi wachache huyauliza wakati wa kulipa ada.

La kwanza ni leseni. Muuguzi hafanyi kazi kisheria, hata katika hospitali binafsi, bila kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Chuo makini huwaambia wanafunzi tarehe na gharama za mtihani wa Baraza kabla hawajatawanyika, na huwapa mazoezi ya maswali.

Lingine ni wadhamini. Matangazo ya serikali hutaka watatu, wenye mawasiliano ya uhakika. Mwanafunzi ambaye hakuna mkufunzi anayemjua kwa jina ataandika nani? Mjomba? Hapa ndipo mafunzo kwa vitendo yanapokuwa na uzito kuliko wengi wanavyodhani. Muuguzi mfawidhi aliyemwona binti akipima presha saa nane usiku bila kununa, akabadilisha shuka za mgonjwa bila kusukumwa, ana la kusema akipigiwa simu na mwajiri. Lakini chuo kikituma wanafunzi wodini na mkufunzi asikanyage huko hadi siku ya kusaini vitabu vyao, wanaweza kumaliza wiki zote wakitumwa kuleta faili, na hakuna atakayejua.

Mzazi anayechagua chuo anaweza kuuliza: nani huwasimamia hospitalini? Cheti hutoka baada ya muda gani? Wahitimu wa mwaka juzi wako wapi? Mkuu wa chuo akijibu kwa kuonyesha jengo jipya, jibu limeshapatikana. Anayeahidi ajira ya moja kwa moja aogopwe zaidi.

Kwa aliyekwisha kuhitimu, Kitengo cha Huduma za Ajira (TaESA) huwaunganisha wahitimu na waajiri kwa mafunzo ya uzoefu kazini, na kujiandikisha hufanyika mtandaoni. Na kama kuna ada iliyobaki, mzazi aimalize kabla ya kushona sare za mahafali, maana cheti cha anayedaiwa kwa kawaida hubaki kabatini chuoni.