MWILI NA AFYA: Figo, Mgawaji wa Maji

Msafiri atokaye Wajir kwenda Mandera hupitia Elwak, mji ulio karibu na mpaka wa Somalia. Jina lake limetokana na maji. El ni kisima, na Wak ni jina la kale ambalo Waborana na jirani zao wamelitumia kumtaja Mungu aliye juu; hivyo Elwak ni Kisima cha Mungu. Wenye ngamia, ng'ombe na mbuzi wamekijia kisima hicho tangu zamani, kwa kuwa mvua ya nchi ile ni haba, na katika miezi ya Januari mpaka Machi, msimu ambao Wasomali huuita Jilaal, mabwawa hukauka na watu hurudi visimani.

Mahali penye kisima kimoja na makundi mengi ya wanyama hapakosi mgawaji. Miongoni mwa Waborana mtu huyo huitwa abba herega. Kazi yake si kuchota bali kupanga zamu: nani atangulie, nani angoje. Akiwa mwangalifu, kisima huwatosha wengi. Lakini uwezo wake una mpaka: hawezi kutia maji katika kisima kilichokauka.

Ndani ya mwili wa binadamu yumo mgawaji wa namna hiyo, naye ni figo. Msomaji akiijua kazi ya figo na mpaka wa uwezo wake, ataelewa kwa nini mtoto mwenye kuhara aweza kufa kwa siku moja, na jinsi awezavyo kuokolewa kwa vitu vilivyomo jikoni.

Chembe, tishu na viungo

Mwili umejengwa kwa madaraja. Daraja la kwanza ni chembe hai, ndogo hata haionekani kwa macho bila hadubini. Chembe za namna moja zikishikana kwa kazi moja huitwa tishu. Tishu ni za aina nne: za kufunika, kama ngozi ya juu na utando wa ndani ya utumbo, za kuunganisha, kama mifupa, mafuta na damu, za misuli, zenye kuvuta na kusukuma, na za neva, zenye kuchukua habari. Tishu mbalimbali zikishirikiana hufanya kiungo, na viungo vikishirikiana hufanya mfumo. Figo lina tishu za aina zote nne. Mafigo mawili, pamoja na mirija yake, kibofu na njia ya kutokea, ndiyo mfumo wa mkojo.

Madumu tisa kwa siku

Mafigo yamekaa upande wa mgongo, karibu na mbavu za chini. Kila moja lina ukubwa wa ngumi na uzito wa gramu 150 hivi. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Katika kila dakika zaidi ya lita moja ya damu hupita humo, yaani kama sehemu moja katika tano ya damu yote inayosukumwa na moyo.

Kwa siku moja mafigo ya mtu mzima huchuja lita 180 za maji, sawa na madumu tisa ya lita 20. Mtu atauliza: maji mengi hivyo yatoka wapi, na hali damu yote ya mtu haizidi lita tano au sita? Jibu ni kwamba maji ni yale yale, yanayochujwa na kurudishwa tena na tena, usiku na mchana. Kila kichujio kina mrija mwembamba uliopindapinda, na chembe za ukuta wa mrija huo huyavuta maji, chumvi na sukari na kuvirudisha katika damu. Taka ndizo huachwa ziende zake. Katika zile lita 180, zitokazo kuwa mkojo ni lita moja au mbili tu.

Figo halifanyi hivyo kwa kubahatisha. Maji ya mwili yakipungua, damu huwa na chumvi nyingi kuliko kawaida, na ubongo hutambua. Hapo hutoka amri mbili. Ya kwanza ni kiu, ili mtu atafute maji. Ya pili hupelekwa na tezi ndogo kama punje ya njegere, iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo hutia homoni katika damu, na homoni ikifika katika figo milango midogo ya maji hufunguliwa katika kuta za mirija, ili maji mengi zaidi yarudi. Milango hiyo ilithibitishwa mwaka 1992 na mtaalamu wa Marekani, Peter Agre, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Ndiyo sababu mkojo wa mchunga ngamia aliyeshinda juani huwa kidogo na wenye rangi kama ya chai kavu. Figo linaweka akiba. Mkojo wa rangi ya majani makavu ni dalili njema. Mkojo wa rangi nzito ni taarifa ya kwamba kisima kinapungua.

Binadamu si ngamia

Hata hivyo figo haliwezi kufunga mlango kabisa. Mtu mzima asipokunywa hata tone, yampasa bado kutoa kiasi cha nusu lita ya mkojo kwa siku ili taka zitoke, mbali na maji yanayopotea kwa jasho na pumzi. Akipoteza maji yaliyo sawa na sehemu moja katika kumi ya uzito wake, maisha yake yamo hatarini.

Ngamia aweza kupoteza karibu sehemu moja katika nne ya uzito wake na bado akatembea mpaka kisimani, kisha akanywa kama lita 100 kwa muda wa dakika kumi. Mtaalamu Knut Schmidt-Nielsen alichunguza ngamia katika jangwa la Algeria mwaka 1953 na 1954, akaonyesha kwamba nundu ni ghala la mafuta, wala si tangi la maji. Uvumilivu wa mnyama huyo hutokana na figo lenye kubana maji sana, na mwili uwezao kuongeza joto mchana bila kutoa jasho jingi. Binadamu hakupewa hayo. Kujifanya ngamia ni kujidanganya.

Mtoto mwenye kuhara

Katika mwili wa mtoto mchanga, sehemu kama 75 katika 100 ni maji. Kwa mwanamume mzima ni kama 60. Lakini mtungi wa mtoto ni mdogo, na figo lake changa bado halijui kubana kama la mkubwa.

Kila siku utumbo wa mtu mzima hupokea kiasi cha lita tisa za maji: mbili alizokunywa na saba zilizomwagwa na mwili wenyewe ili kulainisha chakula. Karibu yote hunyonywa tena. Kipindupindu kinapoingia, sumu yake huziamuru chembe za utumbo zimwage maji bila kukoma. Mwaka 2016 Kaunti ya Mandera, ambamo Elwak imo, ilipatwa na kipindupindu na homa ya chikungunya kwa wakati mmoja. Katika hali kama hiyo figo hufunga kila tundu liwezalo, lakini maji yanapotea kwa njia nyingine isiyo ya figo.

Wako wazazi wanaomnyima maji mtoto anayehara, wakidhani kwamba asipokunywa kuhara kutakoma. Mawazo hayo yametokana na mapenzi, lakini yameua watoto wengi. Kuhara hakukomi, kinachokoma ni mkojo, kisha machozi, kisha fahamu.

Uko mlango mmoja katika utumbo ambao sumu ya kipindupindu haiufungi. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba chembe za utumbo hupokea sukari na chumvi kwa pamoja, mkono kwa mkono, na maji huvifuata. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojaa katika kambi ya Bangaon nchini India, dawa ya kutia mishipani ilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akawapa wagonjwa maji yenye sukari na chumvi wanywe kwa vinywa vyao. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4.

La kufanya

Dawa iliyo bora ni ile ya pakiti ipatikanayo zahanati. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, utie vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Yaonje: yasizidi machozi kwa uchumvi. Visima vingine vya nchi ya kaskazini vina maji ya chumvi. Maji hayo yasitumiwe ikiwa mengine yapo, kwa maana chumvi ikizidi hudhuru. Yasiyokwisha kwa siku moja yamwagwe.

Kila baada ya kuhara, mtoto aliye chini ya miaka miwili apewe robo mpaka nusu kikombe, na aliyezidi umri huo nusu mpaka kikombe kizima, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena polepole. Anyonyeshwe na kulishwa kama kawaida. Zahanati humpa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14. Lakini akiwa na macho yaliyodidimia, akilia bila machozi, akilegea au kushindwa kunywa, au ngozi ya tumbo ikifinywa isirudi upesi, apelekwe hospitali bila kuchelewa, huku akiendelea kupewa maji njiani kama aweza kumeza.

Haba na haba hujaza kibaba, na kijiko kwa kijiko hujaza kisima cha mwili. Figo ni mgawaji mwaminifu asiyelala, lakini hugawa yaliyomo tu. Kuyatia yaliyopungua ni kazi ya mama, ya baba, na ya kila mtu aliye karibu na mgonjwa.